Vigingi vya Tarehe Saba

Sehemu ya Tisa

Katika wilaya nzima ya Karatu hakuna chemchemi ambayo viatu vyangu havijaikanyaga. Ndivyo nilivyomwambia Herbert, mkaguzi kutoka makao makuu ya Benki ya Kilele. Nilimwambia mbele ya wateja, nimeegemea kaunta kama mwenye benki. Nikaongeza kwamba ile ya Buger naijua hata kwa harufu.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji wangu. Herbert alikuwa ameshika fomu niliyoijaza kwa mkono wangu. Akaweka kidole juu ya jina langu, Inosenti, akatabasamu kidogo.

"Vizuri," akasema. "Basi kesho utatuongoza."

Ngoja niseme ukweli sasa hivi, maana huko mbele hatutapata nafasi. Chemchemi ya Buger sikuwa nimeifikia hata siku moja. Nilikuwa naijua kama ninavyoijua Ulaya.

Tarehe saba ya mwezi wa tisa, mwaka 2006, siku ambayo fomu inasema nilikuwa Buger kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, nilikuwa mnadani Karatu. Mnada wetu ni tarehe saba na tarehe ishirini na tano, kila mtu anajua, hata ng'ombe wanajua. Simon, dereva wa benki, aliegesha gari nyuma ya mabanda ya nyama. Nikajaza fomu juu ya boneti, mkono mmoja una kalamu, wa pili una ubavu wa mbuzi.

Wanaokunywa maji ya Buger niliwauliza palepale, kwa sababu Buger nzima ilikuwa imekuja kuuza na kununua. Nikaona nimeokoa mafuta ya safari. Kama kutunza mazingira ni kuokoa mafuta, siku ile nani alitunza kunishinda?

Tatizo ni kwamba fomu ile haikuwa ya mchezo.

Aliyeitunga ni Mama Anneth, meneja wetu, mzaliwa wa Marangu. Mama huyu aliwaandikia wakubwa wa Dar es Salaam kwamba benki ikimkopesha mtu anayekausha maji ya wenzake, basi benki nayo imeyakausha. Wakamcheka. Akaandika tena. Mwisho wakampa miaka miwili ajaribu tawi la Karatu peke yake.

Ndipo likazaliwa dawati la mazingira: meza moja, kiti kimoja, na mimi. Kanuni yake ni moja tu. Mkopo wa shamba au wa hoteli hautoki mpaka mtu wa benki akanyage yanapotoka maji, kwa miguu yake, aandike nani wanayanywa na kama kuna kazi yoyote imeanza.

Tawini kwetu karatasi inaandikwa pande zote mbili. Jenereta linazimwa saa ya chakula. Ukitupa kikombe cha plastiki unaitwa ofisini kama mwizi. Watu walimwita Mama Miche, maana alipanda miringaringa mpaka nyuma ya choo cha benki, na kila Jumatatu alikwenda kuiangalia kabla ya kuangalia barua.

Sasa, Raphael, mwenye hoteli ya mahema karibu na msitu wa Marang, aliomba mkopo wa kuongeza mahema na kuchimba bwawa la kuogelea. Maji angeyavuta kutoka Buger. Fomu yangu ikasema kazi haijaanza. Mama Anneth akasaini chini yangu. Mkopo ukatoka kwa sharti kwamba Raphael asiguse chemchemi mpaka akae na wanakijiji wakubaliane.

Haikupita muda barua ikafika makao makuu. Watu wa Buger walikuwa wamekuta vigingi vimepigiliwa ardhini mpaka kwenye jicho la maji.

Herbert alikuja na swali moja: vilipigiliwa lini? Kama ni baada ya benki kukagua, Raphael amevunja mkataba, na Mama Anneth yuko salama. Kama ni kabla au wakati tunakagua, Mama Anneth amesaini uongo. Dawati linafungwa, na yeye anarudishwa nyumbani Marangu kabla ya wakati wa kustaafu.

Utadhani usiku ule sikulala. Nililala kama gunia la mahindi. Tangu mwezi wa tatu, tulipomzika kaka yangu Paskali, ndani yangu kumekuwa kama shavu lililochomwa sindano ya jino. Unaligusa, unajua ni lako, halijibu. Watu wakilia natazama viatu vyao. Wakicheka nawachekesha zaidi. Kazini nilirudi siku ya nne, nikaambiwa mimi ni jasiri. Nikasema asante.

Asubuhi Simon alikuwa anagonga tairi kwa kisigino. Akaniinamia.

"Mdogo wangu, leo mimi ni kiziwi."

"Na kipofu?"

"Kipofu siwezi. Naendesha."

"Ukiulizwa tarehe saba ulikuwa wapi?"

"Nitasema mimi ni dereva. Dereva yuko kwenye gari."

Tukapanda. Herbert akakaa mbele, anamumunya pipi ya mnanaa, kofia juu ya goti. Mimi na Mama Anneth nyuma. Alikuwa amevaa viatu vya mvua japo mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

"Inosenti mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Nakuona." Akatoa ndizi ya kuchoma kwenye mfuko wake wa kitambaa. "Kula. Na mbona umenyamaza? Siku zote tukisafiri na wewe mbavu zinauma kwa kucheka."

"Namheshimu mgeni."

Akainama karibu na sikio langu.

"Unajua wale wakubwa hawakuniamini hata kidogo. Niliwaambia nina kijana mmoja Karatu. Akiandika amekanyaga, amekanyaga."

Nikangoja moyo unichome. Haukuchoma. Nikamenya ndizi.

Tulikwenda saa nzima, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Halafu gari likapunguza mwendo, likasimama. Njia panda.

Herbert akageuka. "Kiongozi, kulia au kushoto?"

Nikamtazama Simon kwenye kioo. Simon alikuwa kiziwi.

Kushoto barabara inapanda. Kulia inashuka. Maji yanashuka, lakini chemchemi ziko juu. Nilipata alama nzuri za jiografia kidato cha nne, na siku ile hazikunisaidia kitu.

Mungu akaleta mama mmoja na punda wawili.

"Samahani, mzee," nikasema, "huyu ni shangazi yangu kabisa, siwezi kumpita." Nikashuka mbio. Nikamsalimia kwa Kiiraqw, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamuuliza chemchemi ya Buger iko wapi. Akanitazama kama mlevi, akaonyesha kulia kwa kidevu.

Nikarudi garini.

"Kulia," nikasema. "Anawasalimia."

"Mna undugu gani?" Herbert akauliza.

"Upande wa baba. Huku wananijua wote."

Simon alikohoa. Hilo alilisikia.

Buger walikuwa wanatungoja. Wanaume sita, wanawake kama ishirini na ndoo zao. Mbele yao alisimama mama mrefu mwenye kilemba cha bluu. Nilikuwa nimeona saini kwenye ile barua ya malalamiko: Marsela, mwenyekiti wa kamati ya maji. Nikajua ni yeye. Nikamwendea mikono wazi, ili Herbert aone.

"Mama Marsela, za siku nyingi."

"Salama," akasema. "Wewe nani?"

Nikacheka kwa sauti. "Mnaona wanavyonitania?"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mama Anneth akatabasamu kwa adabu. Herbert hakutabasamu. Akavaa kofia yake, akaomba apelekwe kwenye vigingi.

Vilikuwa kumi na viwili, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Cha kwanza kilisimama kwenye jicho lenyewe la maji, kimekita kwenye tope kama kijiko kwenye uji. Vingine vilishuka kwa mstari kuelekea hotelini.

Mama Anneth alichuchumaa. Akagusa kile cha kwanza, akatazama mzizi wa mti uliochanwa kando yake. Alibaki pale muda mrefu kuliko anaouhitaji mtu kutazama kigingi.

Herbert akafungua faili juu ya goti.

"Mama Marsela, hivi mlivikuta lini?"

"Tarehe saba, mwezi wa tisa. Jioni, tuliporudi mnadani."

"Una hakika na tarehe?"

"Mzee, siku ile niliuza beberu. Nisijue siku niliyouza beberu wangu?"

"Asubuhi havikuwepo?"

"Asubuhi tulichota maji, hapakuwa na kitu. Tukaenda mnadani. Tumerudi saa kumi na mbili, vipo."

Herbert akapindua karatasi. Akasoma fomu yangu, taratibu, midomo inacheza. Pipi ikaacha kuzunguka mdomoni mwake.

"Tarehe saba," akasema. "Saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Inosenti, wewe ulikuwa hapa."

Msomaji, nimeshaona panya akiingia kwenye mtego, lakini panya hautegi mwenyewe. Nikisema sikuwepo, fomu ni uongo, na Mama Anneth amekwisha. Nikisema nilikuwepo, basi watu walipiga nyundo puani pangu vigingi kumi na viwili nami nikaandika kazi haijaanza. Amekwisha vilevile, na mimi juu yake naitwa mla rushwa.

"Inosenti?" Ilikuwa sauti ya Mama Anneth, bado amechuchumaa.

"Nakumbuka, mama."

Sikuwa nakumbuka. Nilikuwa natunga. Mwili wote ulikuwa umepoa, umetulia, kama si wangu, na katika utulivu ule likaja jibu zuri mpaka nikataka kujipigia makofi.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilimaliza saa nane, nikaondoka. Hapakuwa na kigingi hata kimoja. Lakini tulipofika pale njia panda tulipishana na watu wawili. Mmoja ana nyundo kubwa, wa pili amebeba fito begani."

Herbert akainua uso. "Wakielekea huku?"

"Huku huku."

"Kwa hiyo walipiga baada ya saa nane na kabla ya saa kumi na mbili."

"Mzee, hesabu ni yako."

"Baada ya ukaguzi."

"Baada ya ukaguzi."

Marsela akaitikia kwa kichwa polepole. "Inawezekana," akasema. "Muda huo sisi bado tulikuwa mjini."

Ikakaa. Uongo wangu ulikaa kama koti la kushonewa. Raphael amevunja mkataba, Buger wanabaki na maji yao, Mama Anneth anabaki na kiti chake. Kwa sentensi tatu nilikuwa nimefanya mema mengi kuliko mwaka mzima wa kukanyaga.

"Simon," Herbert akaita. "Na wewe uliwaona hao watu?"

Simon alikuwa ameegemea gari, anachokonoa meno. "Mimi naangalia barabara, mzee. Ina mashimo mengi."

Herbert alisita kidogo. Kisha akatoa karatasi nyeupe, akaandika maelezo yangu kwa mwandiko wa shule ya misheni, herufi zimelala upande mmoja. Akanipa. Nikasaini.

"Anahitajika shahidi wa pili," akasema. "Mtu anayethibitisha kwamba mfanyakazi huyu alitumwa, na kwamba maneno yake ni ya kuaminika."

Mama Anneth akasimama. Akapangusa tope kwenye vidole kwa kanga.

"Lete."

"Mama, si lazima leo," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Kwa nini isiwe leo?" Akachukua kalamu. "Fomu ya kwanza niliisaini sikuja kuona, nikiamini neno lako. Leo nimekuja, nimeona. Nasaini na hii." Akaandika majina yake yote matatu, akapiga mstari chini. "Bwana Herbert, waambie Dar kwamba tukiwa na vijana kumi kama huyu, hakuna mto utakaokaushwa na pesa zetu."

Nikatazama viatu vyake. Tope lilikuwa limefika kwenye kifundo.

Herbert akapuliza wino. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa kusoma kila kitu kwa sauti kabla ya kufunga faili. Akaanza na fomu yangu ya mwanzo. Akasoma mahali palipo chemchemi. Akasoma miti iliyosimama juu yake. Nami nilikuwa nimeshaanza kuwaza chakula cha mchana.

"Idadi ya watumiaji waliokutwa," akasoma. "Akina mama kumi na wanne, wakichota maji kati ya saa nne na saa tano."

Marsela akasema, "Tarehe saba?"

"Ndiyo. Ndivyo alivyoandika."

"Akina mama kumi na wanne saa nne, siku ya mnada?" Akawageukia wenzake, akasema kitu kwa Kiiraqw. Wale wanawake wakanitazama wote kwa pamoja. "Mzee, siku ya mnada saa nne hapa husikii hata kuku. Kumi na wanne aliwatoa wapi?"

"Labda ni wa kitongoji cha juu," nikasema.

"Cha juu wana maji yao."

"Labda niliwakuta wanaondoka. Nilifika mapema."

"Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri. Fomu inasema ulifika saa tatu."

"Nilikadiria, mama. Kitaalamu tunakadiria."

Herbert alikuwa ameacha kusoma. "Mama Marsela," akasema, "ina maana siku ile hakubaki mtu yeyote? Hata mmoja?"

"Hakuna. Wote tulik—" Mwanamke aliyesimama nyuma yake alikuwa amemgusa kiwiko na kumnong'oneza. Marsela akatazama chini, kule maji yanakotiririkia baada ya kuliacha jicho.

"Alibaki mmoja," akasema. "Tunamsahau. Hatumhesabu siku hizi."

Umbali wa hatua kama thelathini, peke yake, alisimama mwanamke amejifunga kaniki, ndoo kichwani. Alikuwa pale tangu tufike. Nilikuwa nimemwona, kama unavyoona kisiki.

"Anaitwa Hyasinta," Marsela akasema. "Amefiwa na mume mwezi wa nane. Yuko kwenye metimani."

Herbert hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwetu Wairaqw, aliyefiwa anaweza kuwekwa pembeni miezi mingi. Hashikwi mkono. Hachoti kwenye jicho la maji ya wote, anachota chini. Na haendi mnadani. Wengi wameacha tangu makanisa yalipoingia, lakini ukoo wa mume wake bado unashika. Katika Buger nzima, mtu mmoja tu alikuwa amezuiwa kwenda mnadani tarehe saba, na mimi, Mwiraqw wa mjini, sikumfikiria.

Herbert akaanza kushuka kumfuata.

"Usiende karibu, mzee," Marsela akasema. "Muulize ukiwa hapohapo."

Hapo nikafanya kitu ambacho sikielewi vizuri hata leo nikikiandika. Nilimshika Herbert mkono.

"Mzee, hairuhusiwi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ni mila. Mtu wa metimani hasemeshwi. Tukimsemesha tutawakosea wazee, na benki yetu inaheshimu jamii. Mama Anneth mwenyewe ametufundisha hivyo."

Herbert akasimama. Akamtazama Mama Anneth. Mama Anneth akaafiki kwa kichwa, kwa sababu kweli alitufundisha.

"Nani kakuambia hasemeshwi?" Marsela akauliza.

"Ni mila, mama."

"Mila ya wapi hiyo? Hashikwi mkono. Hachoti hapa juu. Kusema anasema, jana tu kanigombeza kuhusu mbuzi." Akanikazia macho. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Muulize aliona nini," Herbert akamwambia Marsela.

Marsela akaweka kiganja kando ya mdomo, akapaza sauti kwa Kiiraqw. Hyasinta akatua ndoo chini. Hakuharakisha. Akajibu kwa kirefu, ananyoosha mkono mara kwa jicho la maji, mara kwa jua, mara kwetu. Mwanamke mmoja aligeuza ndoo yake, akaikalia.

Alipomaliza, Marsela alitaka kueleza. Herbert akainua kalamu kumzuia.

"Samahani, mama. Wewe ndiye uliyelalamika. Kwa haki, atafsiri mtu mwingine." Akanigeukia. "Inosenti, wewe ni wa huku. Amesema nini?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nikajikagua ndani, natafuta hofu, natafuta hata aibu, nikakuta pamefagiliwa. Mdomo ukafanya kazi peke yake.

"Anasema siku ile aliniona nimekaa pale kwenye jiwe, naandika," nikasema. "Anasema niliondoka saa nane. Watu wa nyundo walikuja baadaye."

Herbert akaandika. Mama Anneth akafumba macho, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

Marsela akafungua kinywa. Hakuwahi.

"Sijasema hivyo."

Sauti ilitoka kule chini. Ilikuwa ya Kiswahili, tena kilichonyooka kuliko changu.

Herbert akageuka. Mama Anneth akafumbua macho.

"Mimi nimemaliza la saba, mzee," Hyasinta akasema, kwa nguvu ya kutosha hatua thelathini. "Nimejibu kwa lugha niliyoulizwa. Huyo kaka amekuambia mengine."

"Basi niambie wewe," Herbert akasema.

"Nimesema walikuja wawili saa nne asubuhi. Walipiga nyundo mpaka saa sita, wakala, wakaondoka. Niliwauliza kutoka hapa hapa nilipo nani amewatuma, nao wakanitajia mtu. Na nimesema siku ile yote sikuona benki, sikuona gari, sikuona mtu wa kuandika. Huyu kaka namwona leo."

"Walimtaja nani?"

"Nitakutajia wewe peke yako. Asipitishe mtu katikati."

Mama Anneth hakunitazama. Alinyoosha mkono kwa Herbert, kiganja kimetazama juu, bado kina tope.

"Naomba hiyo karatasi niliyosaini, Bwana Herbert."

Herbert akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.